Kiu ya seva ya zamani

Kila mwisho wa mwezi, foleni ya Sacco yetu hapa Kisumu ilitoka mlangoni, ikashuka ngazi, ikafika pale wanapoegesha tuktuk. Mshahara wa walimu umeingia, makato yamefika, na watu wamekuja kuulizia salio, kutoa kidogo cha karo, au kuchukua taarifa ya mkopo. Karani anaandika namba ya uanachama, anabonyeza, kisha anangoja. Aliye mbele yake anangoja. Nyuma yao mama aliyetoka Ahero na matatu ya alfajiri anamhamisha mtoto kutoka bega moja hadi jingine. Sekunde 20, sekunde 40, siku mbaya dakika nzima, ndipo skrini inaonyesha jina na tarakimu.

Mimi ndiye ninayetunza mitambo ya ofisi hiyo. Chumba cha seva kiko nyuma ya kaunta, tumetenganishwa na ukuta mmoja tu, kwa hiyo nilisikia kila kitu: makarani wakiomba radhi, wanachama wakiguna, mlinzi akiwasihi watu wajipange vizuri. Na huku ndani nilizitazama taa za diski zikimetameta bila kupumzika hata nukta moja. Nilikwenda nyumbani nikiwa na uzito kifuani siku hizo. Wale ni watu waliopanda magari mawili kuja kuona pesa zao wenyewe.

Seva ni HP ProLiant DL380p Gen8, iliyonunuliwa mwaka 2013. Ilikuja na prosesa mbili za Intel Xeon E5-2620, kila moja ikiwa na viini sita vya kukokotoa (core) vya gigahezi 2.0, na kumbukumbu (RAM) ya gigabaiti 32, yaani vijiti vinane vya gigabaiti nne nne. Diski zake nane ni za kuzunguka, mizunguko 10,000 kwa dakika. Siku iliponunuliwa, hifadhidata nzima ya wanachama haikufika gigabaiti 10. Ilikaa yote ndani ya kumbukumbu na nafasi ikabaki. Kisha wanachama wakaongezeka, matawi yakafunguliwa, na zaidi ya yote watu wakaanza kuweka akiba kwa simu. Mtu aliyekuwa akiweka mara moja kwa mwezi kupitia makato, sasa anatuma shilingi mia leo na mia mbili kesho kutwa kwa M-Pesa, akiwa sokoni. Ni jambo jema sana hilo, ila kila muamala huacha safu zake kwenye majedwali. Tulipofika gigabaiti 90 hakuna aliyekuwa amekosea. Nyumba ilikuwa imejaa watu.

Kamati ilipokutana Septemba mwaka jana, karatasi ya bei ya seva mpya ilikuwa tayari mezani. Mweka hazina wetu, mwalimu mkuu mstaafu, aliisoma mara mbili, akavua miwani, akanigeukia.

"Binti yangu, bei hii ni ya kujenga madarasa. Wewe unaiona mashine hiyo kila siku. Imekufa?"

"Haijafa, Mwalimu. Imelemewa, lakini sijajua imelemewa wapi. Naomba wiki mbili niipime kabla hatujanunua kitu chochote."

"Chukua tatu," akasema.

Marehemu baba yangu alikuwa fundi wa magari pale Kibuye, kwenye vibanda vya jua kali. Gari likiletwa linagonga, hakukimbilia spana. Alichukua bisibisi ndefu, ncha akaibana kwenye injini, mpini akauweka sikioni, akafumba macho. Akahamisha ncha kidogo, akasikiliza tena. Kuna wateja walioona anapoteza wakati. Lakini hakuwahi kumnunulisha mtu kipuri ambacho gari lake halikukihitaji, na madereva wa matatu za Busia walimpenda kwa sababu hiyo. Nilipokaa mbele ya seva jioni ya kwanza, nilijua ninachotafuta ni mahali pa kubana ile bisibisi.

Kwenye Linux, mfumo endeshi wa seva yetu, bisibisi hiyo ni vmstat na iostat, programu za kupima kazi ya prosesa, kumbukumbu na diski, nazo huja bure. Niliziacha ziandike vipimo kila baada ya sekunde kumi kwa wiki mbili, zikipita katikati ya mwisho wa mwezi mmoja. Matokeo yalikuwa wazi kuliko nilivyotarajia. Wakati foleni ni ndefu kabisa, viini vyote 12 kwa pamoja havikufika asilimia 20 ya kazi. Sehemu kubwa ya muda uliobaki ilihesabiwa kuwa muda wa kungojea diski. Kila ombi la kusoma lilikaa kwenye foleni yake milisekunde nyingi kabla ya kuhudumiwa. Kumbe kulikuwa na foleni mbili katika jengo lile, moja nje ya kaunta na nyingine mlangoni pa diski, na ya nje ilizaliwa na ya ndani.

Niliitazama hifadhidata yenyewe, ambayo ni PostgreSQL. Inayo hesabu ya vipande vya data ilivyovikuta kwenye kumbukumbu yake, na hesabu ya vile ambavyo ililazimika kuviomba nje. Hesabu hizo zina mtego, na nimeona watu wakinaswa: kipande kinachohesabiwa kuwa kimeombwa nje kinaweza kuwa kilipatikana kwenye keshi ya Linux, yaani sehemu ya kumbukumbu ambamo Linux huweka data iliyosomwa karibuni, bila diski kuguswa. Ndiyo maana sikuziamini peke yake. Nilizilinganisha na iostat, dakika kwa dakika, na zote zikasimulia habari moja. Makarani walikuwa wakiulizia miamala ya mwaka mzima ya wanachama tofauti tofauti, na data hiyo haikuwa na mahali pa kukaa. Inaletwa, inasukumwa nje na nyingine, kisha inaletwa tena baada ya dakika tano.

Kijana aliyekuwa nami kwa mafunzo ya kazini aliniuliza kwani diski na kumbukumbu zinapishana kiasi gani. Kuipata data kwenye kumbukumbu huchukua takriban nanosekunde 100. Kuipata kwenye diski inayozunguka huchukua milisekunde kama tano, maana mkono wa diski lazima usogee na sahani izunguke hadi mahali pake. Hiyo ni tofauti ya mara 50,000. Nikamwambia afanye hivi: achukulie kwamba faili iliyo mezani pake anaishika kwa sekunde moja. Ile iliyo diskini itamchukua sekunde 50,000, karibu saa kumi na nne. Ni kama kupanda basi hapa Kisumu, kwenda Nairobi kuichukua, na kurudi. Kwa kila faili. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi Madam, hiyo seva inaishi barabarani."

Kabla ya kufikiria kununua, nilitafuta ninachoweza kurekebisha bila shilingi. Nililipata jambo moja kubwa. Skrini ya wadhamini, ile inayoonyesha mwanachama amewadhamini nani na nani, ilikuwa ikisoma jedwali zima la mikopo tangu safu ya kwanza hadi ya mwisho, kwa sababu safuwima ya namba ya mdhamini haikuwa na faharisi, ile orodha inayoielekeza hifadhidata moja kwa moja kwenye safu inayotakiwa. Niliijenga faharisi hiyo usiku mmoja, na skrini iliyochukua nusu dakika ikawa inafunguka papo hapo. Ningekuwa nimenunua seva mpya siku ya kwanza, kosa hilo lingehamia ndani yake likajificha miaka mingine mitano. Ninawasihi wenzangu walio kwenye kazi hii: someni kwanza mpango wa kila ulizo zito, yaani hatua ambazo hifadhidata hupitia ili kulijibu. Ni kazi ya subira, na haina bei.

Lakini faharisi haiongezi nafasi ndani ya nyumba. Gigabaiti 32 kwa hifadhidata ya 90 zilibaki kuwa finyu.

Kulikuwa pia na lalamiko la pili, la Januari, nalo lilikuwa la aina nyingine kabisa. Kila mwanzo wa mwaka tunakokotoa gawio na riba ya akiba ya kila mwanachama, mwezi kwa mwezi kulingana na salio lake. Kazi hiyo ilianza jioni, na mwaka uliotangulia ilikuwa bado haijaisha makarani walipofungua kaunta asubuhi. Nililala ofisini usiku ule, juu ya viti viwili, nikiamka kila saa kuangalia imefika kwa mwanachama yupi. Niliifanyia jaribio kwenye nakala ya data nikaisikiliza kwa bisibisi yangu. Kiini kimoja kilikuwa kikienda kwa asilimia 100 tangu mwanzo hadi mwisho, na vingine 11 vimekaa kimya. Tangu toleo la 9.6 la mwaka 2016, PostgreSQL inaweza kugawa ulizo moja kwa viini kadhaa. Lakini kazi ya kuandika safu, tena iliyotungwa kwa mzunguko wa mwanachama mmoja baada ya mwingine, hubaki mikononi mwa kiini kimoja tu. Dawa kamili ni kuitunga upya, na tumeianza. Januari hata hivyo haingoji mtu.

Kwa hiyo mashine ilihitaji vitu viwili: kumbukumbu nyingi kwa ajili ya kaunta, na kiini chenye kasi zaidi kwa ajili ya gawio. Wingi wa viini haukuwa na msaada wowote kwetu. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu wauzaji wote niliowapigia simu walianza na wingi wa viini.

Nianze na kumbukumbu. Kwenye seva hii kila prosesa ina njia nne za kumbukumbu, na kila njia ina nafasi tatu za vijiti. Zote pamoja ni nafasi 24. Ukiweka kijiti kimoja kwenye kila njia, prosesa husoma kwa njia zote nne kwa wakati mmoja. Ukirundika vijiti upande mmoja unaziba njia ambazo umeshazilipia, na ukijaza nafasi ya tatu ya njia, kasi hushuka. Nikaamua vijiti vinane vya gigabaiti 16: vinne kwa prosesa ya kwanza, vinne kwa ya pili, jumla gigabaiti 128. Hifadhidata yote ya 90 ingeingia, na Linux pamoja na makarani wangebaki na nafasi ya kupumua.

Hapa lazima nizungumzie lebo, kwa sababu herufi moja ilinipotezea wiki nzima. Kijiti nilichotaka kina maandishi PC3-14900R. Namba ya mbele inaeleza aina na kasi, na 14900 ndiyo ile ya megahezi 1866. Ile R ya mwisho inasema kijiti kina chipu ya rejista katikati, inayoupunguzia mzigo mdhibiti wa kumbukumbu. Kuna vingine vinavyoishia na E, ambavyo navyo husahihisha makosa ya biti lakini havina rejista, na kuna vya L, vya kupunguza mzigo kwa namna nyingine. Aina hizo tatu hazichanganywi ndani ya mashine moja. Muuzaji mmoja wa Nairobi alinitumia kifurushi kwa basi. Nikakifungua na kukuta vijiti vitano vya R na vitatu vya E, vinafanana kama mapacha. Kama nisingesoma lebo moja moja chini ya taa, ningeligundua siku ya kazi yenyewe, mashine ikiwa wazi na ofisi imezimwa. Alivibadilisha bila ugomvi, lakini Jumapili niliyoipanga ilikuwa imepita.

Kuhusu usahihishaji wa makosa, sina mjadala na mtu. Vijiti vya kompyuta ya kawaida ya mezani havigundui biti iliyogeuka. Kwenye picha ya harusi biti moja iliyogeuka ni nukta ya rangi. Kwenye salio la mwanachama inaweza kuwa shilingi zake.

Prosesa zilinisumbua zaidi. Soketi ya mashine hii, yaani tundu ambamo prosesa hukaa, hupokea pia kizazi kilichofuata, Xeon E5-2600 v2, kilichotoka Septemba 2013. Moyo wangu ulikuwa kwa E5-2667 v2: viini vinane, gigahezi 3.3, na kiini kimoja kikiwa peke yake kinapanda hadi 4.0. Kwa gawio hakuna ambayo ingefaa zaidi. Lakini inakula wati 130, na hizi za zamani zilikula 95. Mbili zikiwa pamoja ni hadi wati 70 zaidi za joto zikifanya kazi kwa nguvu zote, ndani ya chumba ambacho mimi mwenyewe nikikaa nusu saa Februari natoka jasho, tena zingedai vipoza joto vya aina nyingine.

Kuna jambo ambalo watu wa Nairobi hawalifikirii wanapotushauri sisi wa huku. Mwongozo wa seva hii unasema inavumilia hewa ya nyuzijoto 35 ukiwa usawa wa bahari, na kwamba kikomo hicho hupungua kwa digrii moja kila unapopanda mita 305, kwa kuwa hewa nyepesi hubeba joto kidogo. Kisumu tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari. Ukikokotoa, kikomo chetu ni kama digrii 31. Nairobi wako juu zaidi, kikomo chao ni cha chini zaidi, lakini wana baridi yao ya kuwalinda. Sisi tuna mwinuko wa kutosha kupunguziwa kikomo, na bado tuna joto la ziwa. Mchana wa kawaida hapa hufika digrii 29 au 30 nje. Stima ikipotea, UPS, yaani betri ya dharura, hubeba seva lakini haibebi kiyoyozi, na mpaka jenereta ishike, chumba kimeanza kupanda. Nilibandika kipimajoto ukutani wiki ile na mlinzi akanisaidia kuandika usomaji wake kila stima ilipopotea. Karatasi ile ndiyo iliyonishawishi niache 2667.

Nikachagua E5-2650 v2. Viini vinane, gigahezi 2.6, keshi ya megabaiti 20 badala ya 15, na wati 95 zilezile. Kiini kimoja kikiwa peke yake kinapanda hadi 3.4, na zile za zamani ziliishia 2.5. Faida nyingine ni kwamba E5-2620 husoma kumbukumbu kwa kasi ya 1333 tu, na hii mpya inafika 1866. Bila kubadilisha prosesa, vijiti vyangu vya 1866 vingetembea kwa mwendo wa vile vya zamani.

Mwenzangu mmoja wa Eldoret alinipigia simu wakati huo akitaka kununua kama mimi. Nikamuuliza anatumia hifadhidata gani, akasema SQL Server 2012, toleo la Standard. Nikamwambia asubiri. Toleo hilo halitumii zaidi ya gigabaiti 64 za kumbukumbu, hata ukiipa 128, na halivuki viini 16. Tena leseni yake ikiwa ni ya kuhesabiwa kwa viini, kutoka viini 12 hadi 16 ni viini vinne vya kulipiwa, pengine kwa pesa zinazozidi bei ya prosesa zenyewe. Kwake prosesa yenye viini vichache vinavyokimbia ndiyo ya busara, na vijiti vinne tu vingetosha. PostgreSQL haina hesabu hiyo, na nilishukuru.

Maandalizi yalinichukua muda mrefu kuliko kazi. La kwanza ni BIOS, programu ya ubaoni inayoiamsha mashine, ambayo kwa HP huitwa ROM, na ya mashine hii ni P70. Ya kwetu ilikuwa ya mwaka 2012, kabla prosesa za v2 hazijazaliwa. ROM isiyozijua prosesa hizo haitawasha mashine, na mashine isiyowaka haiwezi kusasishwa. Lazima uisasishe prosesa za zamani zikiwa bado ndani. Niliifanya wiki mbili mapema, jioni ya Ijumaa, nikaiacha seva ifanye kazi kawaida siku zote hizo ili kama ROM mpya ina tatizo lijitokeze peke yake. Ukibadilisha vitu vitatu siku moja na mashine ikagoma, hujui umuulize nani.

La pili ni bekapu. Nilichukua nakala kamili, nikairejesha kwenye kompyuta nyingine, nikahesabu wanachama na jumla ya akiba, nikalinganisha na ripoti ya mhasibu hadi senti. Bekapu ambayo hujawahi kuirejesha usiitegemee siku ya kufungua mashine.

Tukaifungua Jumapili ya Novemba, saa mbili asubuhi, mimi na yule kijana. Mweka hazina alikuja baada ya misa akakaa kwenye kiti cha karani bila kusema neno, na nilifurahi kuwa naye pale. Tulipoinua kifuniko tulikuta vipoza joto vimezibwa. Wale vijidudu wa ziwani, wanaopanda kama wingu la moshi jioni na kufuata taa, walikuwa wameingia kwa miaka yote hiyo wakakauka kati ya mapezi ya alumini, wakichanganyika na vumbi kuwa kama kitambaa cha kijivu. Feni zilikuwa zikipiga ukuta. Tulitumia karibu saa nzima kusafisha kwa brashi laini na hewa, nje barazani, mbali na soketi.

Soketi ndiyo iliyonitisha. Kwenye aina hii pini haziko kwenye prosesa, ziko kwenye ubao, 2,011 kwa kila soketi, nyembamba kuliko unywele wa mtoto. Ukidondosha prosesa au kitambaa kikanasa pini moja, ubao mzima umekwisha. Nilimwambia kijana ashike taa na asiongee nami. Niliinyanyua ya zamani wima, nikaishusha mpya wima, alama ya pembetatu kwenye kona yake, na mkono wangu haukutetemeka mpaka nilipofunga mkono wa pili wa soketi. Grisi ya joto tuliweka kiasi cha punje ya mbaazi, skrubu za kipoza joto tukazikaza kwa kupishanisha pembe. Tukabadilisha na betri ndogo ya CR2032 ya ubaoni, kwa kuwa ilikuwa ya siku mashine ilipotoka kiwandani.

Vijiti vikaingia kwenye nafasi nyeupe, ambazo ni za kwanza katika kila njia. Tukawasha. Dakika zile za kwanza seva ikijikagua ni ndefu, skrini nyeusi, feni zinanguruma kwa nguvu zote. Kisha ikatokea: prosesa mbili, viini 16, kumbukumbu gigabaiti 112.

Mia na kumi na mbili. Kimoja hakikuonekana. Niliizima nikachomoa waya, nikapitisha kidole kwenye klipu za kila nafasi, na ile ya sita ilikuwa imefunga upande mmoja tu. Nilikuwa nimekisukuma kwa woga. Vijiti hivi vinataka msukumo wa sawasawa pande zote mbili mpaka isikike milio miwili. Tukawasha tena, 128. Mweka hazina akauliza, "Sasa ni zote?" Nikamjibu, "Zote, Mwalimu." Akaondoka kwenda nyumbani kula, nasi tukaiwekea memtest ichunguze kila kijiti hadi usiku.

Kuna watu wanaoishia hapo, kisha wanashangaa kwa nini hakuna kilichobadilika. Hifadhidata hutumia kumbukumbu kwa kadiri ulivyoiruhusu kwenye mipangilio, na yetu ilikuwa ikisoma mipangilio ya enzi za gigabaiti 32. Niliipandisha shared_buffers, kumbukumbu ambayo PostgreSQL hujitengea, hadi gigabaiti 32, robo ya zote, na effective_cache_size hadi 90 ili mpangaji wa maulizo akadirie ni data kiasi gani inaweza kuwa kwenye kumbukumbu, ya PostgreSQL na ya Linux kwa pamoja. Kisha nikawasha kurasa kubwa za kumbukumbu, na hesabu yake ni hii. Linux kwa kawaida hugawa kumbukumbu kwa kurasa za kilobaiti nne. Gigabaiti 32 ni kurasa zaidi ya milioni nane, na kila mchakato unaozigusa zote hubeba daftari la anwani la megabaiti 64. PostgreSQL hufungua mchakato mmoja kwa kila anayeunganishwa. Matawi yetu yote yakifungua miunganisho 200, madaftari peke yake yangeweza kumeza karibu gigabaiti 13. Kwa kurasa za megabaiti mbili, daftari hilo linakuwa karibu na bure.

Jambo la mwisho ni kwamba kumbukumbu ikizimwa husahau kila kitu. Seva iliyowashwa Jumapili usiku ingeanza Jumatatu ikiwa tupu, na wateja wa kwanza wangelipia safari za kwenda diskini. Kwa hiyo saa nne usiku niliendesha pg_prewarm, chombo cha PostgreSQL cha kupakia data kwenye kumbukumbu mapema, kwenye majedwali ya wanachama, akiba, mikopo na miamala, nikaziona taa za diski zikiwaka mfululizo kwa muda, kisha zikatulia.

Jumatatu sikusimama kaunta. Nilikaa chumbani na iostat mbele yangu. Saa tatu, saa nne, ofisi imejaa, na diski zinaandika tu, kusoma karibu hakuna. Kupitia ukuta nilisikia karani akisema "Salio lako, Mama" kabla hata yule mama hajamaliza kutaja jina lake. Mwisho wa mwezi ule foleni ilikuwepo, watu ni walewale, lakini haikushuka ngazi.

Seva hii bado ni ya 2013. Diski zake zimezeeka na kapasita ya kidhibiti cha diski nayo ina miaka yake, hivyo nimeomba kwenye bajeti diski zisizozunguka na seva ya pili ya kupokea nakala moja kwa moja. Kamati imekubali ya pili ianze, kwa fedha zilizobaki kutoka kwenye ile karatasi ya bei.

Gawio tulilikokotoa Januari, Ijumaa jioni, mvua ya radi ikipiga mabati na jenereta ikiwa tayari. Nilikuja na blanketi na chupa ya chai kama mwaka uliotangulia. Kiini kimoja kikapanda hadi asilimia 100, kama kawaida yake, na kipimajoto ukutani kikasoma 27. Kabla ya alfajiri kazi ilikuwa imeisha, na mhasibu alikuwa ameanza kulinganisha jumla. Nilimpa chai. Blanketi nililokuja nalo sikulifunua.